Majivu Kwenye Jiko la Gesi

Makambako huamka mapema. Malori yanayokwenda Mbeya hukutana pale na yale yanayotoka Njombe, na madereva hushuka wakiwa na baridi na njaa. Nyuma ya maegesho ya malori kulikuwa na kibanda cha chakula cha mama mmoja aitwaye Matilda, lakini wateja wote walimwita Mama Oliva. Alipika wali na maharage, basi. Watu walimfuata kwa sababu wali wake ulichambuka punje kwa punje, na maharage yake yalikuwa na mchuzi mzito.

Oliva alikuwa darasa la sita. Kabla ya kwenda shule alichota maji bombani, akachagua mawe kwenye mchele na kufuta mabenchi. Kazi hizo alizifanya bila kuambiwa. Akifanya kazi, alimsikia mama yake akikohoa. Kikohozi hicho kilikuwa cha miaka, kikavu, kinachomkunja mtu mpaka anashika ukuta. Daktari wa zahanati alikuwa amesema wazi: "Mama, mapafu yako yamechoka na moshi. Ukiendelea kupikia mkaa humo kibandani, dawa zangu hazitafaa kitu. Badilisha jiko."

Baba yake Oliva, Geofrey, aliendesha lori la mbao. Alikusanya posho zake, akanunua jiko la gesi la pleti mbili. Hazikupita siku nyingi kikohozi kikapungua. Asubuhi moja Oliva alimsikia mama yake akiimba huku anaosha vyombo, sauti aliyokuwa ameisahau.

Lakini wali ukaanza kuungua.

"Mama Oliva, huu wali umepikwa au umechomwa?" aliuliza dereva mmoja aitwaye Tarsis, akigeuza kijiko.

"Kula, Tarsis. Ukoko ni mtamu."

"Ukoko ni mtamu ukiuomba, dada. Mimi sikuuomba."

Wenzake walicheka. Mama Oliva naye alitabasamu, lakini Tarsis alipoondoka sahani yake ilikuwa na nusu ya chakula. Kesho yake alikwenda kula kibanda cha pili, na wenzake wawili wakamfuata.

Oliva alimwona mama yake amesimama mbele ya jiko, mikono kiunoni, akilitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiye na adabu.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Tatizo ni moto wenyewe. Unaona? Umekaa duara hapo katikati, unachoma sehemu moja. Sufuria zetu ni nyembamba. Chini panaungua, pembeni mchele una kiini. Nikipunguza moto, bado unachoma palepale. Kwenye mkaa, maji yakikauka napunguza makaa, mengine napalia juu ya mfuniko, na yale ya chini nayafunika majivu. Joto linatulia, linakuja polepole kila upande. Wali unaiva wenyewe. Gesi haina makaa ya kupalia wala haina majivu."

"Sasa tutafanyaje?"

"Nalivumilia hili jiko mpaka mwisho wa wiki. Likiendelea hivi, narudi kwenye mkaa."

"Na kifua chako?"

"Afadhali kifua kiniume nikiwa nimekula, Oliva. Nisipouza, hatuli."

Oliva alichukua daftari zake. Alikwenda shule akiwa na neno moja kichwani: majivu.

Jumamosi mama alikwenda sokoni kununua nyanya. Wali na maharage vilikuwa jikoni. "Angalia sufuria," alisema. "Ukisikia harufu, epua. Usiguse kitu kingine."

Oliva alikaa kwenye kigoda akazitazama. Harufu ya kuungua ilianza kwenye wali, halafu kwenye maharage. Akaepua zote mbili, akazima moto. Kule nyuma ya kibanda lilikuwepo jiko la zamani la mkaa, na ndani yake bado kulikuwa na majivu. Mawazo yake yalikuwa mepesi kabisa: kama gesi haina majivu, tuipe.

Alichota majivu kwa kijiko, akayanyunyiza juu ya vile vichwa vya chuma vyenye vitundu ambamo moto hutokea. Alifanya hivyo kwa uangalifu, pleti ya kwanza, kisha ya pili, mpaka vitundu vikafunikwa vizuri. Ndipo akawasha.

Moto haukutulia. Ulikuwa wa bluu, sasa ukawa wa njano, mrefu, unayumba na kutoa masizi. Upande mmoja haukuwaka kabisa. Pleti ya pili ilikuwa vilevile. Oliva akazima haraka. Akapuliza majivu, akafuta kwa kitambaa, akafuta tena mpaka juu pakang'aa. Akawasha. Moto bado ulikuwa wa njano, maana majivu yalikuwa yameshaingia ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Akazirudisha sufuria hivyohivyo.

Mama aliporudi aliona sufuria zimekuwa nyeusi.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, mama. Moto umebadilika wenyewe."

Maneno yalitoka upesi kuliko alivyofikiri. Akangoja mama aulize tena. Kama angeuliza mara ya pili, labda Oliva angesema. Lakini mama hakuuliza. Alitikisa kichwa tu.

"Nilijua," alisema. "Vitu vya siku hizi ni takataka." Akaenda nyuma ya kibanda, akalivuta jiko la mkaa, akaanza kupepea.

Jumapili kanisani, mama alikuwa amesimama na wanakwaya wenzake. Katikati ya wimbo wa pili alishika kifua, akatoka nje akipita kati ya mabenchi. Oliva alimsikia akikohoa huko nje wakati kwaya inaendelea. Alikaa akitazama viatu vyake. Hakuna aliyemnyooshea kidole, na hilo ndilo lililomtesa.

Jumatatu, wakiwa njiani kwenda shule, alimweleza Devotha, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Devotha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akaangusha mfagio wa shule aliobeba.

"Majivu kwenye gesi? Oliva, we fundi. Kesho tia mkaa kwenye simu ya baba yako ipate chaji."

"Usicheke. Mama anakohoa tena."

Devotha akaacha kucheka. "Si umwambie tu?"

"Atanichapa."

"Atakuchapa leo, keshokutwa umesahau. Kifua chake je?"

"Baba amesema Jumamosi atapeleka jiko Njombe kwa mjomba, akalitazame. Mjomba atalitengeneza, yataisha."

"Na akiuliza nani aliliharibu?"

Oliva alikaza mwendo.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Tarsis na wenzake walirudi kula, maana wali wa mkaa ulikuwa mzuri kama zamani. Mama aliwapakulia huku amegeuza uso pembeni, kanga mdomoni. Wateja walisifu chakula. Oliva aliosha sahani zao na kila sifa ilimchoma.

Jumamosi Geofrey alipakia jiko kwenye lori lake lililokuwa linakwenda Njombe kuchukua mbao. "Twende wote," alimwambia Oliva. "Mjomba wako anakuulizia kila siku."

Mjomba Romanus, kaka yake mama, alikuwa na karakana ya kuchomelea milango na mageti karibu na soko la Njombe. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, na cheche za kuchomelea zilionekana kabla ya mtu mwenyewe. Aliwaona, akavua miwani yake nyeusi.

"Kamwene, shemeji. Kamwene, mjomba wangu," alimsalimu Oliva, maana huko mjomba na mpwa huitana jina moja. "Umekua. Mama hajambo?"

"Shikamoo, mjomba. Mama anakohoa."

"Bado? Si mmenunua gesi?"

"Gesi yenyewe hiyo," alisema Geofrey, akilitua jiko mezani. "Wametuuzia bovu. Nikitoka hapa, nampitia yule kijana wa dukani. Atanirudishia changu au tutafika mbali. Anaonekana mpole, kumbe tapeli."

Romanus alivuta jiko karibu. Alifungua kile kichwa cha kwanza, akakigeuza, akakigonga kwenye ukingo wa meza. Unga wa kijivu ulimwagika. Akafungua cha pili. Ukamwagika mwingine. Akaushika kwa vidole, akaunusa.

"Shemeji, haya ni majivu."

"Majivu yaingie vipi humo?"

"Hayaingii yenyewe. Mtu ameyatia."

Uso wa Geofrey ukabadilika. "Basi ni Matilda," alisema taratibu. "Hakulitaka jiko hili tangu mwanzo. Alisema atarudi kwenye mkaa, na kweli akarudi. Kumbe aliliharibu makusudi. Nimejinyima miezi kwa ajili ya kifua chake, halafu..."

"Ni mimi, baba."

Wanaume wote wawili wakamgeukia. Oliva alikuwa ameshika ukingo wa meza. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuacha kusema mpaka alipomaliza: harufu ya kuungua, kijiko, moto wa njano, kitambaa, na uongo aliomwambia mama. "Mama hajui. Na yule kaka wa dukani hajafanya kitu."

Geofrey alimtazama muda mrefu. "Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima mama yako amevuta moshi, na wewe upo unamtazama."

Oliva alilia. Hakuna aliyembembeleza. Romanus alipuliza majivu yaliyobaki, akachukua waya mwembamba, akaanza kuzibua vitundu kimoja kimoja. Alipomaliza vya pleti ya kwanza, akampa Oliva waya.

"Zibua hivi vingine. Huku unafanya kazi, niambie. Kwa nini majivu?"

Oliva alifuta machozi. "Mama anasema majivu yanatuliza moto. Nilitaka moto wa gesi utulie, ili asirudi kwenye mkaa."

Romanus alimtazama shemeji yake, kisha akamtazama mtoto. "Hapo hujakosea. Moto huo unahitaji kitu cha kuutuliza. Umekosea mahali pa kukiweka. Mkaa unaweza kuufunika, utawaka polepole. Gesi ukiifunika inakosa hewa, na moto uliokosa hewa unatoa masizi na sumu. Kitu hicho kinatakiwa kikae juu ya moto na chini ya sufuria. Kipokee joto kwanza, kilisambaze, ndipo sufuria ipate. Tafuta humu karakanani, niletee unachoona kinafaa."

Oliva alizunguka kati ya vyuma chakavu. Alirudi na kipande cha bati la kuezekea, jipya, linalong'aa.

"Kwa nini hili?"

"Ni safi, mjomba. Halina kutu."

"Limepakwa zinki, ndiyo maana halina kutu. Ukiliweka kwenye moto mkali, zinki inatoa moshi mweupe. Mimi nimewahi kuchomelea mabomba yenye zinki humu ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Jioni nilitetemeka kwa homa kama mwenye malaria. Unataka kumpelekea mama yako hilo?"

Oliva alilirudisha. Akachagua kipande cha mlango wa zamani, lakini kilikuwa na rangi. Akakiacha mwenyewe kabla hajaambiwa. Mwisho alivuta bamba jeusi lililokuwa chini ya meza, zito, lisilo na rangi wala mng'ao.

"Baya hivyo?" aliuliza Geofrey.

"Hilohilo," alisema Romanus.

Alichora maduara mawili kwa chaki, mapana kidogo kupita kitako cha sufuria. Kukata alikata mwenyewe, kwa mashine, na Oliva akasimama mbali kwa sababu cheche hazichagui jicho la mtoto. Kisha akakata vipande vifupi vya nondo, akavipanga juu ya sahani moja, akaweka sahani ya pili juu yake, akachomelea. Zikawa sahani mbili zenye nafasi ya kidole katikati.

"Hewa ya hapo katikati ndiyo majivu yako," alisema. "Moto unapiga sahani ya chini, joto linapita polepole kwenda ya juu. Sufuria haiguswi na moto. Sasa kazi yako hii hapa." Akampa tupa. "Kingo zina makali. Mama yako atakishika kila siku. Sitaki akatwe."

Oliva alipiga tupa. Mwanzoni aliona kama mchezo. Baadaye mikono ilianza kuuma, na malengelenge yakatokea viganjani. Alimwonyesha mjomba, naye akapitisha kidole ukingoni, akatikisa kichwa. "Bado." Baba alipakia mbao, akarudi, akamkuta bado anasugua. Mara ya mwisho mjomba alipitisha kidole kote bila kusimama.

Nyuma ya karakana palikuwa nyumbani kwake. Waliliunganisha jiko kwenye mtungi wa gesi wa mkewe, na moto ukawaka wa bluu, pande zote. Kisha wakalitoa nje, wakaweka chuma kile juu ya moto mpaka mafuta ya kiwandani yakaungua na harufu ikaisha. "Chuma kipya kichomwe nje kwanza," alisema Romanus. "Na kibandani acheni dirisha wazi. Hata gesi inataka hewa."

Njiani kurudi Makambako, walipopita mashamba ya chai, Geofrey alipunguza mwendo.

"Mama yako utamwambia mwenyewe," alisema. "Mimi sitakusaidia."

"Ndiyo, baba."

Walimkuta mama akipepea mkaa. Oliva alisimama mbele yake na chuma mikononi, akasema yote kabla ya kusalimia. Mama alisikiliza. Kikohozi kilimkatiza, akangoja kiishe, akasikiliza mpaka mwisho.

"Leta hicho kitu," alisema.

Hakumchapa. Aliosha mchele, akabandika kwenye gesi. Maji yalipokauka aliweka chuma kati ya moto na sufuria, akafunika. Wote watatu walisubiri. Alipofunua, chini hapakuungua, lakini katikati mchele ulikuwa bado na kiini.

Oliva aliinama kutazama. "Hakifai?"

"Nyamaza kwanza." Mama aliweka kiganja karibu na chuma, akafikiri. "Kilikuwa cha baridi. Joto lote kimekunywa chenyewe. Hata majivu huwa yana moto wake." Akabandika mchele mwingine kwenye pleti ya kwanza. Chuma akakiweka kwenye pleti ya pili, moto mdogo, kikapata joto taratibu wakati mchele unachemka. Maji yalipokauka, aliihamishia sufuria juu ya chuma, akakandamiza mfuniko kwa jiwe, akaketi.

Hakukuwa na harufu. Baada ya muda alifunua, akatumbukiza mwiko mpaka chini, akapindua. Wali ulipanda juu mweupe, punje kwa punje, kutoka kitako hadi ukingoni. Geofrey alichukua kidogo kwa vidole, akatafuna.

"Huu ndio wenyewe," alisema.

Mama alinyanyuka, akachukua kopo la maji, akaumwagia mkaa uliokuwa bado unawaka nyuma ya kibanda. Ukafuka, ukazima. Akarudi, akashika mikono ya Oliva, akayatazama yale malengelenge.

"Kuweka majivu ulikosea, lakini ulikuwa unanitafutia nafuu," alisema. "Hilo nimeshalisamehe. Mtu anayejaribu hukosea, na kosa la namna hiyo mjomba wako amelimaliza kwa waya na kazi ya siku moja. Lakini nilikuuliza, ukasema hujagusa. Ungesema palepale, tungezibua jiko siku hiyohiyo. Kwa neno lako moja, mimi nimekohoa wiki nzima, kijana wa watu ameitwa tapeli, na baba yako nusura anione mimi adui. Kosa ukilificha, Oliva, haliishi. Moshi wake anauvuta mwenzako."

"Nimekosa, mama."

"Nimesikia. Sasa nawa mikono, uipake mafuta. Halafu kaa hapa nikufundishe kupika wali kwa hiki chuma chako, maana Jumamosi ijayo nakwenda zahanati na wateja watataka kula."